Fungate Nyumbani kwa Binamu

Tangu nirudi, wenzangu wa nyumba, mmeniuliza jikoni, mmeniuliza tukipishana kwenye ngazi, na Mutua ameniuliza kupitia mlango wa bafu nikiwa naoga. Kila mara nimejibu "ilikuwa nzuri," nanyi mkatazamana. Basi naandika, maana nikisimulia kwa mdomo Baraka atanikatiza kila sentensi na Mutua atacheka mahali pasipochekwa. Someni kwa zamu, mniache nimalize.

Hali yangu mnaijua. Nikaha yetu mimi na Rahma ilifungwa msikitini Sparkhill, hapa hapa Birmingham, mkala biriani, mkapiga picha nami nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima. Lakini kwao mke hahami kwa nikaha peke yake. Anahama siku ya karamu, akitolewa kwa vigelegele, na mpaka siku hiyo yeye yuko kwa wazazi wake Great Barr nami niko nanyi hapa Saltley, mume anayekwenda kumwona mkewe kwa basi na kurudi kabla mkwe hajafunga geti. Tarehe ya karamu Rahma ameiahirisha mara mbili. Mara ya pili nilipomuuliza sababu alinijibu, "Twende kwanza hiyo safari. Tukirudi nitakwambia kuhusu tarehe."

Hakusema atanipa tarehe. Alisema ataniambia kuhusu tarehe. Mnanijua, maneno hayo niliyageuza kila upande kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Hicho ndicho nilichosafiri nacho. Begi lilikuwa jepesi zaidi.

Stratford Road, tulipopanga

Mpango ulikuwa wangu. Wazee wetu walikuwa na fungate, siku saba maharusi wamefungiwa ndani, wanapikiwa na kufukiziwa udi, hakuna anayewauliza kitu. Sisi kazini hawatupi siku saba, na ndani kwenyewe hatuna. Nikaona tupate angalau siku chache katika mji ambao hakuna anayetujua.

Tukakaa kwenye mkahawa, chai ya maziwa mbele yetu, nikatoa miji mitatu: Granada, Palermo na Lisbon. Yote ya kale, yote ina watu wa kila rangi na kila dini, mahali ambapo mwanamke mwenye hijabu na mwanamume mweusi wakipita hakuna anayegeuza shingo. Nilikuwa nimeisoma miji hiyo mpaka naijua mvua yake. Nilitarajia tujadiliane jioni nzima. Rahma hakumaliza hata kupuliza chai.

"Lisbon," alisema.

"Hutaki hata kusikia ya Granada?"

"Lisbon, Idrisa."

Nikafurahi, nikapata hoteli ndogo yenye dirisha linalotazama mto. Kisha mama yake akasikia.

"Lisbon kwa Twalib?" alisema mama mkwe. "Sasa hoteli ya nini?"

Hapo ndipo nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Twalib ni mtoto wa kaka yake mama mkwe, binamu yake Rahma, na wamelelewa nyumba moja Unguja kabla kina Rahma hawajahamia huku. Yuko Lisbon tangu amalize masomo.

"Mtu ana ndugu yake mjini, akalale hoteli?" mama mkwe aliendelea. "Watu watauliza wamegombana nini."

Nilimtazama Rahma ili amwambie mama yake kwamba hii ni fungate. Rahma alikuwa anaangalia kucha zake. Hoteli ikafia palepale kwenye kochi.

Shangazi yake aliyekuwa anamenya machungwa akanigeukia. "Hukuambiwa, mwanangu? Huyo Twalib ndiye aliyekuwa amuoe huyu. Binamu nyama ya hamu." Sebule nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana kikao kinapocheka huwezi kubaki umekaza sura, lakini nilikuwa natazama midomo, na Rahma hakucheka.

Digbeth hadi uwanja wa ndege

Tulipanda basi asubuhi, mvua ile yetu isiyonyesha wala kuacha. Begi kubwa halikuwa langu wala la Rahma. Lilikuwa la Twalib: achari ya embe, ubuyu, sambusa zilizogandishwa, na mkate wa kumimina ndani ya kopo la biskuti, umefungwa kwa taulo mara mbili kama mtoto mchanga. Mama mkwe alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili ya mkate ule. Mimi nimemwoa binti yake na sijawahi kupikiwa mkate wa kumimina wa kwangu mwenyewe. Huwa napewa kipande cha sahani ya wote.

Tulipoipita Coventry nilisema nina njaa.

"Tutanunua kitu uwanjani," Rahma alisema.

"Kuna mkate hapo."

"Wa Twalib huo."

"Mzima? Atakula mzima?"

"Idrisa, usianze."

Niliendelea. Nilisema mambo kuhusu mkate ambayo hayakuwa kuhusu mkate. Mwishowe mzee wa Kisingasinga aliyekaa mbele yetu, kilemba cha rangi ya zambarau, akageuka taratibu. "Mama," alimwambia Rahma kwa Kiswahili safi cha Nakuru, "mpe huyu kijana mkate. Analia tangu tutoke mjini."

Wanandoa wenzangu, msigombane kwa Kiswahili kwenye basi la Birmingham. Rahma alishika mdomo. Kisha akafungua taulo, akafungua kopo, akakata kipande kinene kwa mkono, akampa yule mzee kwa mikono miwili. Mzee akala akifumba macho, akasema hajala kitu hicho tangu siku ambazo mama yake alikuwa na jirani Mswahili. Kopo likafungwa.

"Na mimi?" niliuliza.

"Yeye ni mgeni," alisema. "Wewe ni mwenyewe."

Nilifikiri juu ya jibu hilo mpaka uwanjani. Kama mwenyewe ndiye asiyepewa, basi ni nani anayetamani kuwa mwenyewe?

Porto, bila kukusudia

Tulikuwa tumeanza kushuka rubani alipotangaza kwamba Lisbon imefunikwa na ukungu na tunapelekwa Porto. Tulitua mji ambao sikuusoma. Hilo mtu mwingine atalichukua kama baraka. Mimi nilianza kutafuta ramani. Walituambia tusubiri mabasi, na tukasubiri mpaka watu wakaanza kulalia mabegi yao. Wakatugawia mikate yenye nguruwe ndani. Rahma alirudisha yetu, na dada anayegawa, akidhani hatupendi ladha hiyo, akatuletea mingine yenye nguruwe wa aina nyingine, kwa tabasamu lile lile. Tuliishia kula ubuyu. Ubuyu ulikuwa wa Twalib pia, lakini hapo Rahma alilegea.

Simu yake ililia safari nzima. Twalib kasema tusipande basi la kwanza, halina choo. Twalib kasema nje ya mlango wa kushoto kuna mama anauza supu ya kabichi, lakini tuangalie, huweka soseji. Twalib kasema shemeji asiwe na wasiwasi. Hilo la mwisho lilinikera kuliko yote. Nani alimwambia nina wasiwasi?

Kwenye basi la kwenda Lisbon nilikaa dirishani. Mashamba ya mizabibu yalipita, vijiji vyenye kanisa jeupe katikati, jua likatoka kana kwamba halikuwahi kukosekana. Rahma alikuwa anaongea na simu kwa sauti ya chini na anacheka. Kicheko hicho sikuwa nakijua. Kina mkoromo kidogo mwishoni, kama mtoto. Miaka miwili namjua, na kuna kicheko ambacho hajawahi kunichekea.

Juu ya duka la Bi Zaina

Twalib anakaa mtaa wa Mouraria. Ni mtaa wa vichochoro na ngazi, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu, Mbangladeshi anauza simu, Mchina anauza ndoo, na mlango wa tatu kuna bibi wa Kireno anavuta sigara dirishani na kuwakemea wote. Chini ya nyumba ya Twalib kuna duka la mama mmoja kutoka kisiwa cha Ibo, Msumbiji. Bi Zaina anasema Kimwani, lugha ya kwao ambayo ni jirani kabisa na Kiswahili, na akiongea polepole unamwelewa karibu yote.

Twalib alitupokea mlangoni kwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mrefu, naye ni mrefu. Nilikuwa nimeomba angalau awe na kipara. Hana.

"Huyu ndiye mwizi?" alimuuliza Rahma akinipa mkono. "Mbona mwembamba hivi? Nilijua nimeibiwa na mtu wa maana."

"Muache, ana njaa," Rahma alisema.

"Karibu, shemeji. Kula unachoweza, mke ushakula."

Nilitafuta la kumjibu, nikalipata nilipokuwa nimeshavua viatu, nimenawa na nimekaa. Halikufaa tena.

Alikuwa ametupisha chumba chake, yeye alale sebuleni. Rahma alifungua mlango akasimama. Chumba kilikuwa kimefukizwa udi. Shuka jeupe limenyooshwa, na juu ya mito yote miwili alikuwa ametandaza maua ya asumini. Alisema yamejaa kwenye ukuta wa kanisa la nyuma na padri hajali. Kwetu kitanda cha maharusi hutandikwa hivyo, na anayetandika ni somo wa bibi harusi, mwanamke aliyemfunda. Mwanamume kukitandika sijawahi kuona.

"Nani angewatandikia huku?" alisema, akashuka dukani upesi.

Bi Zaina alipanda kutuona. Alimkumbatia Rahma, akamtazama Twalib, akasema hatimaye mke amekuja, nyumba hii ilikuwa na baridi. Mimi alinipa kiti cha pembeni akauliza kama ni kaka wa bibi harusi. Kabla sijajibu Twalib alisema, "Huyu ndiye aliyenipokonya," na Bi Zaina akacheka akidhani ni mzaha wa aina nyingine. Tulimweleza. Sidhani kama alielewa. Kila tulipopita dukani baadaye alimpa Twalib matunda ya "mkeo" na kunipa mimi mfuko wa kubeba.

Kwenye bajaji

Kazi ya Twalib ni bajaji. Zimejaa Lisbon, zinapandisha watalii vilima ambavyo miguu ya Wazungu imevikataa. Yake ni ya buluu, ina viti vya kutazama mbele na vingine vya kutazama nyuma. Rahma alikaa mbele, karibu na mgongo wa dereva. Nikapata kile cha kutazama nyuma. Nimeiona Lisbon yote, kwa hiyo, ikiniacha.

Lazima niseme ukweli: ni mji mzuri, na Twalib anaujua. Alituonyesha lango ambapo zamani Waislamu waliachwa wakae nje ya kuta, uwanja ambapo Wayahudi walichomwa, kanisa lisilo na paa tangu tetemeko la ardhi. Akiona watalii wanasikiliza anageuza kwenda Kiingereza, kisha Kifaransa. "Hawa Wareno walikuja kwetu wakatuachia neno 'meza'," alituambia, "basi nami nimekuja kula juu yake." Mimi nilikuwa na habari hizo zote, nimezisoma, nimezipanga siku kwa siku. Nilikuwa nimepanga nimsimulie Rahma pale pale, chini ya lango lile. Nilichopata kusema ni kwamba kuna gari nyuma yetu linapiga honi.

Na mizaha haikukoma. Kwenye mteremko: "Shemeji, jishike. Ukianguka tutasikitika, lakini eda itakwisha." Mbele ya muuza chestnuti, njugu kubwa za kuchoma: "Mpe huyu nusu, nusu nyingine kaninyang'anya." Rahma alikuwa anamrudishia moja kwa moja, wanapokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Utani wa mabinamu naujua. Tanga tunao. Binamu yako anaweza kukuita mume wake sokoni, akakudai chakula, akakutukana mbele ya mkeo, na mkeo anaongeza. Lakini nilikua mtoto wa pekee, baba yangu hana ndugu, na utani niliuona kwa majirani, kama mtu anavyoona ngoma kupitia uani. Sikujua ukichezwa nawe unashikwa wapi.

Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikafikiri. Nikapima kila mzaha: huu una ukweli kiasi gani, na huu je?

Jikoni

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka Twalib alitaka kutupikia pweza wa nazi. Pweza wa kule ni mkubwa, analiwa na kila mtu, na alikuwa ameshamchemsha tangu asubuhi. Rahma alishuka kwa Bi Zaina kuchukua tui. Tukabaki wawili. Mimi nilipewa vitunguu.

"Shemeji unakata vitunguu au unaviomba radhi?" aliuliza. Kisha, akikoroga: "Sikiliza, ukimchoka usimpeleke kwa wazazi. Nirudishie mie. Nauli nitalipa."

Nikaweka kisu chini. Mnielewe vizuri: nilikuwa nimejizuia tangu Porto.

"Twalib," nilisema, "nikuulize kitu, unijibu kweli. Bado unampenda Rahma?"

Nilitarajia acheke. Ningekasirika akicheka, lakini ningelala. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Aliangalia mvuke, akapunguza moto, akafuta mikono kwa taulo kila kidole peke yake.

"Ndiyo," alisema.

Nje, bibi wa Kireno alikuwa anamkemea mtu.

"Ulitaka jibu," Twalib alisema, si kwa hasira. "Umelipata. Sasa utaliweka wapi?"

Nilipogeuka Rahma alikuwa amesimama mlangoni na makopo ya tui kifuani.

Tulikula. Pweza alikuwa laini, naona aibu kwamba nakumbuka alivyokuwa mtamu. Twalib alinipakulia kwanza. "Karibu wali, ndugu Idrisa," alisema. "Ongeza mchuzi, ndugu Idrisa." Hakuniita mwizi tena. Hakuniita hata shemeji. Ile adabu ilikaa mezani kama maiti, nasi tukala tukiizunguka.

Kilimani

Baada ya kula Rahma alichukua ushungi wake akasema, "Twende tutembee." Alipanda ngazi mbele yangu mpaka juu kabisa, kwenye uwanja wenye viti unaotazama mapaa yote mekundu na mto. Kulikuwa na wapenzi kila kiti, wanapiga picha. Tulikaa ukutani.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimeuliza. Na nilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi, Rahma, nyote mlikuwa mnanicheka na kumbe—"

"Ulikuwa sahihi," alisema. "Kila mtu kwetu anajua. Mama anajua. Yule shangazi anayekutania anajua zaidi. Twalib alimwambia baba yangu anataka kunioa, baba akaniuliza mimi, nikasema namwona kama kaka. Nilikuwa sijakujua hata wewe. Tangu hapo yeye ndiye aliyeanza mizaha. 'Mmeninyima mke.' Akisema hivyo watu wanacheka, naye anakaa nasi, anakula nasi, hajapotea. Miaka yote tumemfunika kwa kicheko. Wewe umekuja kumvua nguo kwa swali moja."

"Na tarehe?" niliuliza hatimaye, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. "Tarehe uliiahirisha kwa sababu yake?"

"Kwa sababu yake. Si kwa hivyo unavyofikiri."

Kisha akanieleza, akitazama mto. Kwao, siku bwana harusi anapokuja kumchukua mkewe, anayeshika mlango ni binamu. Anasimama hapo na kukataa kufungua, anatukana, anadai, upande wa bwana harusi wanajibu, mpaka wampe kifungua mlango na aridhike. Nyumba nyingine huweka binamu yeyote. Lakini wote wanajua mlango wa Rahma ni wa Twalib. Mara mbili tarehe ilipopangwa Twalib alisema kazini hawamruhusu. Bajaji ni yake mwenyewe.

"Asipokuja," Rahma alisema, "ukumbi mzima utaangalia nani amesimama mlangoni, na kila mtu atajua kwa nini si yeye. Atakuwa amejitangaza. Hatakanyaga kwetu tena. Akija akasimama, akakutukana mbele ya watu, akapokea chake akafungua, limekwisha. Ametoa kwa mkono wake mwenyewe. Nimekuja kumwomba hilo. Nilikuwa nimwombe leo, baada ya kula."

"Ungeniambia."

"Ungelala?"

Nisingelala. Tulikaa mpaka jua likaondoka kwenye mapaa. Nitawaambia kitu cha aibu: kichwani sikuwa namfikiria Twalib. Nilikuwa nafikiri kwamba mke wangu ametumia fungate yetu kumhurumia mtu mwingine, na kwamba hajawahi kunipangia mimi jambo kwa uangalifu kiasi hicho.

Kuondoka

Asubuhi Twalib alileta bajaji mlangoni atupeleke uwanjani. Alibeba mabegi yetu. Rahma alikuwa na macho yaliyovimba. Nilijua kwamba tukifika uwanjani hivi, ndugu Idrisa na ndugu Twalib, hakuna mlango, hakuna karamu, na pengine mimi nitabaki kupanda basi la Great Barr mpaka nizeeke.

Bi Zaina akatoka dukani na mfuko wa korosho. Akampa Twalib. Za mkeo, alisema, ale njiani.

Twalib alifungua mdomo amsahihishe kwa upole. Nikamtangulia.

"Bi Zaina," nilisema, "usimpe huyu. Huyu ni mke mwenzangu. Mimi ndiye mkubwa, yeye mdogo, na bado hajajifunza adabu za nyumba."

Bi Zaina alinitazama. Akamtazama Twalib. Twalib alikuwa ameshika mfuko wa korosho hewani. Nikaendelea, kwa sababu kurudi kulikuwa hakuna: "Mtazame. Ana nywele nyingi, ndiyo, lakini pweza wake alikuwa na chumvi nyingi."

Hakuwa na chumvi nyingi. Sote tulijua.

Twalib alinitazama kwa muda mrefu, na katika muda huo niliona anavyochagua. Kisha akamgeukia Bi Zaina.

"Mke mkubwa gani," alisema taratibu, "anayelilia vitunguu? Mume wetu ana shida, Bi Zaina. Kaoa wawili, hakuna hata mmoja anayejua kupika."

Bi Zaina alicheka mpaka akashika mlango wa duka. Bibi wa Kireno dirishani, ambaye hakuelewa neno, akacheka kwa sababu Bi Zaina anacheka. Na Rahma alicheka kile kicheko chenye mkoromo. Hakunichekea mimi peke yangu, lakini nilikuwamo.

Njiani nilikaa kiti changu cha kutazama nyuma. Nyuma yangu nilimsikia Rahma akimwomba. Alimwomba wazi, bila mzaha, kwa jina lake. Twalib aliendesha mpaka taa nyekundu.

"Nitakuja," alisema. Kisha kwa sauti kubwa, nisikie: "Lakini mke mkubwa ajiandae. Mlango huo ataulalia nje. Nitamdai mpaka viatu, aingie ukumbini na soksi."

Rahma alianza kulia. Alilia kwa utulivu, ushungi mdomoni, na Twalib akaendesha akitazama mbele. Nilitazama barabara ikikimbia. Mimi hajawahi kunililia.

Digbeth tena

Kurudi hakukuwa na ukungu. Ndege ilichelewa, basi likachelewa kwa sababu ndege ilichelewa, na Rahma alilala begani kwangu tangu uwanjani hadi Digbeth akiwa amekumbatia kopo tupu la biskuti ambalo mama yake atalitaka. Mvua ilikuwa palepale tulipoiacha. Tulisimama kituoni tukingoja basi lake la Great Barr, watu wanatupita na miavuli.

"Jumamosi ya pili baada ya Idi Kubwa," alisema, bila mimi kuuliza. Ni mara ya kwanza maishani sikuuliza kitu.

Basi lake likaja. Alipanda, akakaa dirishani, akanipungia, nami nikarudi kwenu kwa miguu nikiwa nimelowa na nimefurahi, na kabla sijafika Saltley nilikuwa nimeanza kujiuliza atavaa nini siku hiyo. Twalib, si Rahma.

Mliniuliza kilichotokea, ndicho hicho. Wivu nilioondoka nao nimerudi nao. Tofauti ni kwamba nilidhani ni wa uongo na sasa najua ni wa kweli, na mwenyewe amekubali mwaliko. Atasimama mlangoni mwa mke wangu, mrefu, amechana nywele, na kwa muda huo ukumbi wote utakuwa wake. Ni lazima nimwachie.

Hapa sina kaka wala binamu. Upande wangu ni nyinyi. Mutua, usichukue zamu Jumamosi hiyo. Baraka, njoo na sauti yako yote na Kifaransa chako. Simameni nyuma yangu. Atanitukana, nami nitamtukana, na huenda tusichekeshe, kwa sababu mimi si hodari na yeye siku hiyo anaweza kukosa nguvu. Chekeni hivyo hivyo. Chekeni kwa sauti tangu anapofungua mdomo mpaka anapofungua mlango, pasipatikane hata upenyo mdogo wa kimya ambamo mtu anaweza kumsikia.